Vitabu vitatu vya Amerika: kipi ununue, kipi uazime

Kama una pesa ya kitabu kimoja tu, nunua America's First Cuisines cha Sophie Coe, kinachohusu vyakula vya wenyeji wa kale wa Amerika. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Wengine tuendelee, maana kabla ya kufika kwa Coe nilipita kwingine, na kila kitabu kina mtu wake.

Nilichokuwa natafuta ni kitabu cha kunitembeza Amerika yote, juu hadi chini: historia yake, watu wake, wanakula nini na kwa nini. Vyote nilivyopata ni vya Kiingereza. Cha Kiswahili cha aina hii sijakiona katika maduka ninayoyajua.

Cha kwanza ni The Old Patagonian Express cha Paul Theroux, kilichotoka mwaka 1979. Ukiuliza watu kitabu cha safari za Amerika, hakikosi kutajwa. Jamaa anapanda treni ya mjini Boston wakati wa baridi kali, amebanana na watu wanaokwenda kazini, halafu anaunga treni kwa treni mpaka Esquel, kusini mwa Argentina. Theroux si mgeni huku kwetu; miaka ya 1960 alifundisha Malawi, kisha Makerere. Nilidhani mtu aliyeishi Kampala atakuwa na subira na safari za watu wa kawaida. Wapi! Analalamikia joto, vumbi, chakula, hata jirani wa kiti. Ndani ya treni ya Costa Rica inayokwenda Limón anakaa na Mmarekani mwenzake, Bwana Thornberry, ambaye kila kinachopita dirishani lazima akitaje kwa sauti, akiona nguruwe anasema nguruwe, akiona ndizi anasema ndizi. Nilicheka peke yangu. Ila baada ya sura ile Thornberry nilimjua vizuri, na Mkostarika hata mmoja simkumbuki.

Haki yake nimpe: sehemu ya Buenos Aires, anapokaa na Jorge Luis Borges, mwandishi mashuhuri wa Argentina, na kumsomea kwa sababu mzee alikuwa haoni, ni tamu kweli. Lakini usikinunue ukidhani ni mwongozo wa safari. Tetemeko la 1991 liliiharibu vibaya reli ya Limón, na Mexico treni za abiria za masafa marefu zilifutwa karibu zote miaka ya 1990. Hiki azima.

Sasa Coe. Kitabu kilitoka 1994, mwaka aliofariki mwenyewe. Alikuwa mwanaanthropolojia, na mumewe Michael Coe alikuwa bingwa wa mambo ya kale ya Wamaya, kwa hiyo nyumbani kwao nadhani mazungumzo ya mezani yalikuwa hayohayo. Amechukua watu watatu, Waazteki wa Mexico, Wamaya wa kusini mwa Mexico na Guatemala, na Wainka wa Peru, akauliza swali ambalo wanahistoria wengi wanaliruka: walikuwa wanapika nini, nani alikuwa anapika, na tunajuaje?

Anajua kwa kusoma wale walioandika mapema. Kwa Wamaya anamtegemea askofu Diego de Landa, kwa Waazteki padri Bernardino de Sahagún, ambaye karne ya 16 aliwahoji wazee wa Mexico na kuandika majibu yao kwa lugha yao. Humo kwa Sahagún kuna orodha ya wauza chakula sokoni, wazuri na wabaya. Kuna muuza kakao mwaminifu, na kuna yule anayejaza maganda ya kakao uchafu wa kila aina ili yaonekane yana punje ndani. Kumbuka kakao ilikuwa pia inatumika kama pesa, kwa hiyo huyo alikuwa anatengeneza noti bandia. Kuna habari za mfungo wao pia: kufunga kwa Waazteki kulikuwa kula bila chumvi wala pilipili. Kwa mtu wa Tanga hiyo ni adhabu ya kesi nzito. Wadudu na mayai ya wadudu wa ziwani navyo vimo. Ndugu zetu wa Bukoba na senene zao hawatashtuka.

Lakini kilichonikalisha kitako ni mahindi. Sisi tuliyapokea kupitia Wareno, tukayafanya yetu mpaka leo mtu hajala kama hajala ugali. Coe anaeleza kwamba wenyewe, Mexico na nchi za Wamaya, hawakuwa wanasaga punje kavu hivi tunavyofanya. Walichemsha mahindi na chokaa au majivu, wakayalaza, wakayaosha, ndipo wakasaga yangali na majimaji. Kazi hiyo inalegeza ganda, inafanya donge lishikane hata uweze kutandaza mkate, na juu ya yote inaifungua vitamini ya niasini ambayo ndani ya punje imefungwa, mwili hauipati. Wazungu walibeba mbegu wakaacha ujuzi. Matokeo yake, maskini wa kaskazini mwa Italia, na baadaye wa majimbo ya kusini ya Marekani, waliokula mahindi karibu peke yake walipata pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, mwisho kifo. Watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza hadi daktari Joseph Goldberger, kuanzia 1914, alipoonyesha kwamba shida ni mlo. Na usione ni mambo ya mbali. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi mwaka 1989 na 1990 waliugua pelagra kwa maelfu, wakati mgao wao ulipobaki mahindi kwa sababu karanga zilikosekana. Tangu nisome hapo, sahani ya ugali yenye kunde au karanga naiheshimu kwa namna nyingine.

Kitabu kinachonisukuma jikoni nakipa alama za ziada. Nilinunua chokaa ya tambuu, ileile inayopakwa kwenye jani, nikakoroga kidogo katika maji, nikatia mahindi makavu nikayaweka motoni. Punje zinageuka njano iliyokolea, maji yanakuwa mazito yanateleza, na harufu inayopanda si ya makande kabisa, ni kama ya ukuta uliopakwa chokaa kisha ukanyeshewa mvua. Yalale usiku kucha. Asubuhi ukiyafikicha chini ya bomba, ganda linatoka lenyewe kwa vidole. Osha sana, chokaa isibaki. Nilisaga nikachoma vimkate kwenye kikaango kikavu. Mama mkwe alikula kimoja, akauliza mahindi haya yamefanyiwa nini, akachukua kingine.

Ubaya wa kitabu upo. Hakuna mapishi humo, nilichofanya mimi nilijifunza kwa kuunganisha maelezo. Uandishi ni wa kitaalamu, kurasa nyingine anabishana na vyanzo vyake mpaka unapiga miayo. Na aliyetaka visiwa vya Karibi au watu wa Amazon ataona amepunjwa. Nakala yangu ilikuwa imetumika, nimeagiza mtandaoni, imekuja na mistari ya penseli ya mwanafunzi fulani karibu kila ukurasa wa Wainka, pale penye viazi vya kugandishwa kwa baridi ya usiku na kukaushwa juani. Muuzaji aliandika "hali nzuri sana". Haya.

Cha tatu, High on the Hog cha Jessica B. Harris, cha 2011, kinafuata chakula cha Waafrika waliopelekwa utumwani hadi meza za Marekani. Wengine mtakuwa mmeona filamu za mfululizo zilizotokana nacho mwaka 2021. Kitabu kina nyama zaidi. Humo utakutana na Hercules, mpishi mtumwa wa rais George Washington, aliyetoroka 1797, na James Hemings, ambaye Thomas Jefferson alimpeleka Paris akasomee upishi wa Kifaransa, akaja kupata uhuru wake 1796. Habari za Hercules zinauma zaidi ukijua kwamba sheria ya Pennsylvania, jimbo alilokuwa akiishi Washington wakati wa urais wake, ilimpa mtumwa wa mgeni nafasi ya kudai uhuru akikaa huko zaidi ya miezi sita, na rais alikuwa akiwazungusha watumwa wake nje ya jimbo kabla muda haujatimia.

Bamia, kunde, ufuta, vyote vilivuka bahari na watu wetu. Kile chakula cha mwaka mpya cha kusini mwa Marekani, Hoppin' John, ni wali na kunde, na wao huongeza nguruwe. Toa nguruwe, chakula hicho nimewalea nacho watoto. Harris anaandika kwa mapenzi, kila sura anaianza na kumbukumbu zake mwenyewe, na mwishoni ameweka mapishi. Nilichokosa ni kwamba macho yake yako Afrika Magharibi. Waliosafirishwa kutoka Msumbiji hadi Brazili hutawapata humu. Pia Amerika yake ni Marekani hasa, kwa hiyo ukitaka Bahia ya Brazili au Lima ya Peru tafuta kwingine.

Kwa anayenunua: Harris anasomeka vizuri hata kwenye simu, ndani ya daladala. Coe mchukue wa karatasi, kwa sababu utarudi nyuma mara kwa mara na faharasa yake ni ya kutegemewa. Kama una mtoto wa sekondari anayesoma historia au lishe, mwachie sura za mahindi kwanza. Sura za Wainka na wanyama wao zinaweza kungoja, hasa kama nyumbani kwenu mnafuga simbilisi, maana Wainka waliwala.