Mashine ya kukamulia: imeniokoa mgongo, imeniumizia ng'ombe

Miezi ya mwanzo niliisifia mashine hii kwa kila mfugaji niliyekutana naye. Ng'ombe wanane nilikuwa nawakamua kwa mkono, alfajiri na jioni, mpaka vidole vinakufa ganzi nashindwa kufunga kifungo cha shati. Kwa mashine, dakika sita saba ng'ombe mmoja kamaliza, nami huku namwekea chakula anayefuata.

Halafu pulseta ikaanza kusuasua. Hiki ndicho kidude kinachoufanya mpira ulio ndani ya kikombe kinachovishwa chuchu ubane na kuachia, kama mara 60 kwa dakika, ili chuchu ipumzike na damu itembee. Kikikwama, chuchu inavutwa mfululizo bila nafasi ya kupumua. Nilisikia tu mdundo umebadilika: tk, tk, kimya kirefu, tk. Ng'ombe wangu mpole kuliko wote akarusha teke, ndoo ikamwagika. Kuvua vikombe, chuchu zimevimba, zimegeuka zambarau, ncha ngumu kama kokwa.

Nikampigia aliyeniuzia. "Ng'ombe wako hajazoea, mfunge miguu." Mfunge miguu! Mnyama analia kwa maumivu, wewe unaniambia nimfunge! Nilipomwambia ni pulseta akacheka, eti wafugaji tukishindwa kuosha vyombo tunasingizia mashine. Naamka saa kumi usiku kila siku ya Mungu, halafu naitwa mvivu.

Fundi alikuja baada ya siku nyingi. Ndani ya pulseta kulikuwa na utando umechanika. Akaishika ile mipira ya vikombe, akaniuliza nimeibadilisha lini. Kumbe hubadilishwa kila baada ya kukamua kama mara 2,500! Kwa ng'ombe wanane na seti moja ya vikombe, hiyo ni miezi mitano tu. Muuzaji hakunitajia hata siku moja.

Nilikaa kuandika "msinunue". Lakini siku zile za kumsubiri fundi nilirudia kukamua kwa mkono, na siku ya tatu tu vidole vikafa ganzi tena. Kwa hiyo nunueni, ila si kwa mtu asiyekuwa na mipira ya akiba dukani. Au hata sijui. Yule ng'ombe, robo ya kiwele ya nyuma kushoto mpaka leo inatoa maziwa kidogo, na kikombe akikiona tu anainua mguu. Huyo namkamua kwa mkono.