Kuwatembelea ndugu Japani: Julai au Agosti?

Julai, Kyoto ina tamasha la Gion Matsuri: magari marefu ya mbao huvutwa mitaani tarehe 17, na mengine tarehe 24. Lakini mvua za tsuyu, msimu wa mvua wa mwanzo wa kiangazi, huenda hazijakatika, na wenyeji wako wako kazini.

Afadhali Agosti, licha ya joto. Siku za Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, tarehe 13 hadi 16, ukoo hukusanyika, husafisha makaburi na kupokea roho za wahenga. Peleka zawadi ya chakula kisichoharibika upesi. Huwekwa kwanza kwenye butsudan, madhabahu ya nyumbani, ndipo iliwe. Kikwazo ni treni: kipindi hicho viti vyote vya Nozomi, treni ya mwendokasi, ni vya kuwekewa nafasi. Tiketi hufunguliwa mwezi mmoja kabla, saa 4 asubuhi za Japani. Ukichelewa na bado ukapanda Nozomi, utasimama karibu na mlango safari nzima.