Kulala ndani ya gari Nyanda za Juu Kusini: ununue nini kwanza, nini kisubiri

Mwezi wa saba, Matamba, wilayani Makete. Saa kumi alfajiri niliamshwa na tone la maji ya baridi lililonidondokea sikioni. Nikadhani mvua imeanza na paa la gari letu, Toyota Noah, limetoboka. Nikawasha tochi. Nje kukavu kabisa, nyota tele. Yale maji yalitoka kwetu wenyewe: pumzi zetu za usiku kucha, mimi na mdogo wangu, zilipanda hadi kwenye bati la dari kama mvuke kwenye mfuniko wa sufuria, zikapoa, na sasa zilikuwa zinaturudia. Nilipoingiza mkono chini ya godoro nikakuta upande wa chini umeloa chepechepe.

Asubuhi mama mmoja aliyepita na ndoo ya viazi alitukuta tumejikunyata juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmelala humo?"

"Ndiyo, mama."

"Na chini mmetandika nini?"

"Godoro."

"Na chini ya godoro?"

Tukanyamaza. Mama akaenda zake, akarudi na maboksi mawili makubwa yaliyokunjuliwa, akatuambia tuyatandike kabla ya godoro. Usiku wa pili tulilala hadi jua likatuamsha. Tulikuwa na taa za kupamba, meza ya kukunja na spika, tulivyonunua kwa pesa nzuri, lakini kilichotupa usingizi ni boksi la bure.

Tangu siku hiyo napanga vifaa vya gari la kulalia kwa swali moja: kikikosekana, nitalala? Huku kwetu adui wa kwanza ni baridi, na wa pili ni unyevu. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai barafu nyembamba hulala juu ya nyasi. Ukishuka siku hiyohiyo hadi Matema, kwenye Ziwa Nyasa, uko chini ya mita 500 na jasho linakutoka. Tukuyu, katikati ya hapo, mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000. Orodha ya vifaa iliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine haitakufaa hapa. Sitataja bei, maana zinabadilika kila wiki na kila mji. Nataja kipi kitangulie.

Nafasi ya kwanza: cha kulalia

Hapa ndipo pesa yako kubwa iende, na si lazima iwe kubwa sana. Kitanda chenyewe usikinunue kimetengenezwa tayari. Pita Mafinga. Mji ule umezungukwa na misitu ya paini ya Sao Hill, na mbao na plaiwudi zinauzwa kando ya barabara. Mwambie fundi akutengenezee fremu ya mbao yenye miguu mifupi, juu yake vibao vilivyoachana upana wa vidole viwili. Zile nafasi ndizo dawa: hewa inapita chini ya godoro na unyevu hauna pa kukaa. Ukitaka plaiwudi nzima kwa sababu ni imara, sawa, lakini itobolewe matundu mengi. Chini ya kitanda unapata stoo ya madumu na sufuria. Pima gari lako mwenyewe kwa futi, kuanzia nyuma ya kiti cha dereva hadi mlango wa nyuma, na upime ukiwa umelala, kwa sababu kuna magari ambayo mtu mrefu lazima alale kimshazari.

Godoro: inchi 4 gumu linashinda inchi 6 laini. Laini linabonyea, kiuno kinagusa mbao, na linakula nafasi ya kukaa wima. Dukani likandamize kwa ngumi, hesabu hadi kumi, kisha toa mkono. Likirudi taratibu au likiacha shimo, liache hapo. Ukishanunua, lipeleke kwa fundi alikate vipande vitatu, kila kimoja kishonewe foronya yake yenye zipu. Mchana vipande viwili ni kochi, usiku vyote vitatu ni kitanda, na asubuhi unavianika juu ya boneti dakika kumi vikauke.

Kati ya godoro na vibao weka boksi au mkeka mnene. Usidharau boksi.

Kwa kujifunika, mablanketi mawili ya wastani ni bora kuliko moja zito, kwa kuwa ukifika Matema unatupa moja pembeni. Mifuko ya kulalia hupatikana kwenye mitumba. Soko la Mwanjelwa, Mbeya, nimewahi kuipata mizuri kuliko ya dukani. Vuta zipu mwanzo hadi mwisho mara tatu kabla ya kutoa pesa, na uunuse: ukungu ukishaingia kwenye manyoya hautoki. Lebo huwa na namba mbili au tatu za nyuzi joto. Ile ya juu, ya kulala kwa raha, ndiyo yako. Ile ya chini kabisa inakwambia tu ni baridi gani mtu anaweza kuivumilia bila kufa. Kwa Kitulo tafuta mfuko ambao namba yake ya raha ni sifuri au chini ya sifuri.

Nafasi ya pili: kufunika vioo, na kuacha hewa ipite

Bati lina kitambaa na sponji kidogo ndani. Kioo hakina kitu, na ndiko joto linakotorokea. Nunua zile karatasi za rangi ya fedha zenye mapovu ya hewa, zinazouzwa kwa mita. Chukua boksi, lichonge kwa umbo la kila dirisha, ndipo ukate karatasi ikiwa imezidi sentimita moja kila upande ili ijibane yenyewe. Upande unaotazama ndani shonea kitambaa cheusi. Hapo taa yako haionekani nje. Vifuniko vilivyotengenezwa tayari kiwandani ni vizuri kama gari lako ni la aina inayojulikana sana, lakini vingi nilivyoviona vinaacha mwanya kwenye kona.

Sasa jambo linalowashinda wengi: ukishaziba vioo, ni lazima uache madirisha mawili wazi upana wa vidole viwili, moja kila upande, hata kama nje ni baridi kali. Bila hivyo gari litatoa jasho kama letu la Matamba. Plastiki za kukinga mvua zinazobandikwa juu ya madirisha zinafanya kazi hii vizuri sana, na ni bei ndogo. Kwa ajili ya Matema na Kyela mpe fundi cherehani chandarua akushonee vipande vya dirisha na mlango wa nyuma, vyenye sumaku ndogo kwenye pindo. Kule ni eneo la malaria, na mbu hawasubiri ulale.

Nafasi ya tatu: jiko

Naanza na onyo, na ninaliandika kwa uzito wote nilionao. Usiingize jiko la mkaa ndani ya gari. Wala kwa dakika tano za kupasha joto, wala kama mkaa "umeshaiva" na hautoi moshi. Mkaa unaoiva ndio unaotoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, mtu anasikia kichwa kizito, analala, haamki. Mikoa yetu ya baridi imeshazika watu kwa namna hii ndani ya vyumba vya nyumba, na Noah ni ndogo kuliko chumba chochote. Joto la usiku lipate kwa njia nyingine: chemsha maji, yatie kwenye chupa ngumu isiyovuja, ifunge kwenye soksi, iweke miguuni. Inashika joto hadi usiku wa manane.

Kwa kupikia, chaguo langu ni mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko la kufungwa juu yake. Unabadilishwa karibu kila mji, Iringa, Makambako, Njombe, Mbeya, Tukuyu. Usafirishwe umesimama, umefungwa kamba, na vali imefungwa kila unapoondoka. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, palepale unapolala. Pika nje, au mlango wa nyuma ukiwa wazi kabisa.

Majiko madogo ya vikopo yanapendeza kwa wepesi, nami nayaweka nafasi ya pili kwa sababu moja. Vikopo vingi ni butani tupu, na butani ikifika karibu na nyuzi sifuri haitaki kugeuka mvuke. Alfajiri ya Kitulo utawasha moto unaopepesuka kama mshumaa wa mwisho. Ukiwa nacho, lala nacho ndani ya blanketi; usikipashe kwenye moto kamwe.

Kuna mambo ya mwinuko pia. Kitulo maji huchemka kwenye takribani nyuzi 91, kwa hiyo maharage hayaivi kirahisi. Sufuria la presha linastahili nafasi yake, au chemsha maharage nyumbani uyabebe yameiva. Wali wa mchele wa Kyela utaiva, ila ongeza maji kidogo na uvumilivu.

Nafasi ya nne: umeme

Kwa safari ya siku mbili au tatu huhitaji betri ya pili. Pawabanki ya mAh 20,000 ina nishati ya kama wati-saa (Wh) 74, na baada ya upotevu itajaza simu ya kawaida kama mara tatu. Ongeza tochi ya kichwani, ambayo kwangu ni bora kuliko taa yoyote ya kubandika, maana unatafuta njia ya chooni na kukoroga ugali mikono yote ikiwa huru.

Ukiamua kununua betri, jifunze kwangu. Niliwahi kuuziwa betri ya asidi iliyoandikwa Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba), nikaibeba kwa mkono mmoja hadi kwenye gari, nikifurahia wepesi wake. Haikumaliza wiki mbili. Betri ya kweli ya asidi ya ukubwa huo huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30. Ikiwa nyepesi sana, ndani hakuna madini ya risasi ya kutosha. Siku hizi naomba mzani kabla ya kuomba bei. Tena, betri ya asidi usiitumie kupita nusu, la sivyo inakufa mapema: Ah 100 kwa volti 12 ni Wh 1,200, zako ni 600. Betri ya lithiamu chuma fosfeti (LiFePO4) ya ukubwa huohuo ina kilo kama 10 hadi 13, unaweza kutumia karibu yote, na inadumu miaka mingi. Ni ghali, na haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, basi mahali pake ni ndani, si chini ya bampa. Mtu wa safari moja kwa mwaka asiinunue.

Vinavyofuata

Maji: ndoo yenye koki, ile ya kunawia mikono, inatosha kwa matumizi, na dumu moja la lita 20 la akiba. Lita 20 ni kilo 20; usibebe matatu ukipanda Chimala kwenda Matamba, njia ya kona inayoitwa Hamsini na Saba. Maji ya kijito yachemshe dakika tatu yakishaanza kutokota.

Njia: kamba ya kuvutia gari, sepetu fupi, pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye gari, pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto, ambavyo trafiki atavitaka hata hivyo. Beba pia vipande vinne vya mbao vilivyochongwa kama kabari. Vinazuia tairi, vinasawazisha gari ulipoegesha kwenye mteremko, na vinakutoa kwenye tope la Isyonje, njia ya kupandia Kitulo. Mafinga utapewa mabaki kwa bei ya soda.

Choo: ndoo yenye mfuniko unaobana na mfuko wa maranda ya mbao. Unamwagia kopo moja kila baada ya kutumia, harufu inaisha. Nilikuwa nacheka wazo hili mpaka tulipolala na mtoto mwenye tumbo la kuharisha, mvua ya Tukuyu ikipiga bati. Siku hizi ndoo hiyo inatangulia kuingia garini kabla ya chakula.

Friji ya volti 12 naiweka mwisho. Itakulazimisha ununue betri kubwa na sola juu yake, wakati usiku wa Makete wenyewe ni friji na nyama unainunua asubuhi buchani. Kama unashinda wiki nzima Matema, hapo ina maana. Hema la juu ya paa nalo lisubiri: kwenye upepo wa uwandani linapiga kelele usiku kucha, na linaongeza uzito juu ya gari kwenye kona za mlima Kitonga. Turubai la kawaida, kamba nne na nguzo mbili za mianzi za Iringa vinakupa kivuli cha kupikia mvua ikinyesha. Funga upande mmoja chini kuliko mwingine, maji yapate pa kwenda, na uweke sufuria hapo. Ukiamka una maji ya kuoshea vyombo.