Darubini ya joto ya bunduki: picha safi, lakini inaganda unapotaka kufyatua

Sikilizeni hii sauti kwanza. Tik. Mmeisikia? Nasogeza maikrofoni karibu. Tik. Hiyo ndiyo imenifanya niwashe kamera leo.

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena kwenye chaneli. Hapa mezani nina darubini ya joto ya kufunga juu ya bunduki, ya kuwindia usiku, inayoona joto la mwili badala ya mwanga. Jina la kampuni nimeliziba kwa utepe mweusi makusudi, maana ninachotaka kuwaonyesha kipo kwenye darubini nyingi za aina hii, na sitaki maoni yote kule chini yageuke ubishi wa kampuni hii na ile. Hakuna aliyenilipa. Sifa zake nazitaja mbio mbio kwa sababu mnazijua: kihisi cha pikseli 640 kwa 512, kila pikseli mikromita 12, lenzi ya milimita 50, picha 50 kwa sekunde, inarekodi video. Basi, turudi kwenye tik.

Tazameni skrini. Nimeunganisha darubini na simu ili muone ninachokiona mimi. Bunduki haipo hapa, darubini iko peke yake juu ya tripodi, tuelewane kabisa kwa hilo. Mwenzangu yuko kule mwisho wa uwanja, ana chupa ya maji ya moto mkononi. Mnamwona alivyo mweupe, maana hapa chenye joto zaidi ndicho cheupe zaidi, na chupa inang'aa kuliko mkono unaoishika. Anatoka kushoto kwenda kulia. Anatembea, anatembea... tik. Ameganda, mguu mmoja hewani. Sasa angalieni kamera ya kawaida hapa pembeni: yeye hajasimama hata kidogo, anaendelea na safari yake. Haya, picha imerudi, na yeye yuko huku. Muda wote ule darubini ilikuwa inakuonyesha mtu mahali ambapo hayupo.

Narudia taratibu, simamisheni video mkitaka. Mguu hewani, picha imekufa, chupa imebaki palepale. Halafu anaruka ghafla upande wa pili.

Tupige hesabu. Mnyama anayetembea kilomita 5 kwa saa, yaani bila haraka yoyote, anakwenda karibu mita 1.4 kila sekunde. Picha ikiganda nusu sekunde, amesogea sentimita 70. Wewe umeweka msalaba wa kulengea nyuma ya bega la mbele, pale kwenye moyo na mapafu, umeshusha pumzi, kidole kimeanza kubana, na bega halipo tena. Kilichopo pale ni tumbo, au paja, au mtoto anayemfuata mama yake. Mnyama aliyepigwa tumbo anakimbia na maumivu yake usiku kucha. Ndiyo maana nakasirika nikisikia watu wanaliita jambo dogo.

Kwa nini inafanya hivi? Si ubovu. Kihisi hiki ni vipimajoto vidogo sana zaidi ya laki tatu vilivyopangwa bega kwa bega, kila kimoja kinapokea mionzi ya joto na ukinzani wake wa umeme unabadilika. Havifanani. Mwili wa darubini ukipata joto au ukipoa, kila kimoja kinapotoka kivyake, na picha inaanza kuwa na ukungu, mistari na madoa. Kwa hiyo kibati kidogo kinashuka mbele ya kihisi, na hiyo ndiyo tik, vyote vinatazama kitu kimoja chenye joto moja, kompyuta inavisawazisha, kibati kinapanda. Wanaita kalibresheni. Bila hiyo, baada ya muda usingeona kitu cha maana. Ninachodai ni kwamba mimi ndiye niamue lini.

Na menyu inaniruhusu, angalau kwa maneno. Fuateni kidole changu. Nabonyeza na kushikilia, nateremka, naingia ndani, nateremka tena, hii hapa: otomatiki, nusu otomatiki, kwa mkono. Nachagua nusu otomatiki, maana yake kibati kitashuka pale tu nitakapobonyeza kitufe. Vizuri sana. Sasa nazima darubini. Nawasha. Naingia tena kwenye menyu... oneni wenyewe. Imerudi otomatiki! Kila ukizima inasahau. Uko gizani, vidole vina baridi, umebadilisha betri, na inabidi ukumbuke kupita safari yote ile ya menyu upya, la sivyo tik itakufuata. Mhandisi aliyepanga hivi aketi porini na hii kitu usiku mmoja.

Njia ya kuishi nayo ninayowashauri ni hii. Washa mapema, robo saa kabla ya kuanza kungoja, kwa sababu ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, mwili wake unabadilika joto haraka na picha inachafuka haraka. Iache itulie. Halafu kalibresha kwa kitufe kabla ya kuanza kulenga, si baada. Ukishaweka msalaba kwenye mnyama, usiguse kitu. Na ukisikia tik kidole kikiwa kwenye kifyatulio, toa kidole, subiri picha itembee tena, lenga upya. Mnyama akiondoka, na aondoke.

Pamoja na hasira zote hizi, picha yenyewe ni nzuri. Nzuri mno. Tazameni yule sungura kule kwenye majani, masikio yanatofautiana na kichwa. Wanaandika unyeti chini ya milikelvini 25, yaani tofauti ndogo kabisa ya joto inayoweza kuitambua, na kweli inaonekana. Ila msinunue kwa namba hiyo peke yake. Ulizeni lenzi ni F ngapi, yaani uwazi wake: namba ikiwa ndogo, inaingiza mionzi mingi. Lenzi ya F1.2 inaingiza mionzi pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko ya F1.0, hivyo kihisi kilekile kikikaa nyuma ya lenzi hafifu kinakupa picha nyingine kabisa. Lenzi hizi si kioo cha kawaida, maana kioo kinazuia mionzi hii ya joto. Elekeza darubini kwenye dirisha lililofungwa na hutaona kilicho nje. Lenzi hizi ni za gerimaniamu, na bei inaumia hapo. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2023 China inataka kibali kwa kila anayesafirisha madini hayo nje, basi msitegemee lenzi kubwa zishuke bei leo wala kesho.

Sanduku linajisifu inagundua kiumbe kilicho zaidi ya kilomita 2. Kugundua, jamani, ni kuona madoa machache ya joto. Kwa lenzi hii pikseli moja inafunika sentimita 2.4 ukiwa mita 100, na sentimita 12 ukiwa mita 500. Nguruwe pori mwenye kimo cha sentimita 70 akiwa mita 500 ni pikseli kama sita kwenda juu. Sita! Huwezi kusema kama ni nguruwe, mbwa wa mtu, au mtu mwenyewe ameinama. Ukivuta picha mara mbili hujaongeza chochote, umekata tu katikati ya picha, umebaki na 320 kwa 256. Kwa hiyo, kilomita 2 za kwenye sanduku zifute kichwani. Umbali wako ni ule ambao unaweza kumtaja mnyama kwa jina, dume au jike, na ukajua nyuma yake kuna nini.

Hapa namjibu ndugu aliyeuliza kwenye maoni kama anaweza kutumia darubini ya bunduki kutafutia wanyama. Hapana, kaka. Ukitafuta kwa darubini ya bunduki, unaelekeza mtutu kwa kila chenye joto kabla hujajua ni nini. Tafuta kwa darubini ya mkononi, bunduki ije baadaye. Wiki ijayo nina video nzima ya hizo za mkononi, gongeni kengele.

Wapo watakaosema bora darubini za usiku za kidijitali zenye taa ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na bei yake ni ndogo. Kwa kuona pembe, waya wa uzio na vijiti mbele ya mnyama, nakubali, zinaishinda hii. Darubini ya joto haikuonyeshi kijiti chenye joto sawa na majani ya nyuma yake, na risasi ikikigusa inapotoka. Lakini kumpata mnyama aliyelala kwenye nyasi usiku wa giza totoro, ya joto haina mpinzani. Kusema kweli, nikikaa mahali pamoja nikingoja shambani, ningeichukua hii hii, na tik yake.

Kuirekebisha ili msalaba uangukie pale risasi inapopiga: karatasi ya kawaida ya shabaha haitaonekana vizuri, bandika kipande cha foili katikati. Nje, chini ya anga wazi, foili inaakisi ubaridi wa anga na inatokea nyeusi kabisa, unalenga bila taabu. Na kabla ya hayo yote, someni sheria mlipo. Kuna nchi unaruhusiwa kuimiliki lakini ukiifunga juu ya bunduki ni kosa.

Mkienda kununua, mwambieni muuzaji aiwashe, aweke nusu otomatiki, azime, awashe tena mbele yenu. Ikikumbuka, endeleeni na mazungumzo ya bei. Waliokwisha nunua, niandikieni chini yenu inakumbuka au haikumbuki, taja modeli na toleo la programu, nitakusanya majibu niyasome mwanzoni mwa video ijayo.