Katheta elekezi ya 5 Fr: nafuu kwa mkono, finyu kwa kazi

Katheta elekezi ni mrija unaopitisha maputo na stenti (vimirija vya wavu wa chuma vya kutanua mshipa) kutoka kifundo cha mkono hadi mishipa ya moyo, na ubishi wa kutumia 5 Fr badala ya 6 Fr wote uko kwenye vipimo. Fr 1 (French, kipimo cha unene wa mrija) ni theluthi ya milimita, kwa hiyo katheta elekezi ya 5 Fr ina unene wa milimita 1.67 na ya 6 Fr ina 2.0. Kwa nje ni kama hakuna tofauti. Ndani mambo ni mengine: Launcher ya Medtronic ya 5 Fr ina tundu la inchi 0.058, yaani milimita 1.47, na ya 6 Fr inchi 0.071, yaani 1.80. Sukuma kontrasti (dawa inayoonyesha mshipa kwenye eksirei) kwa nguvu ileile, ya 6 Fr itapitisha zaidi ya mara mbili. Ukishaingiza stenti humo, upenyo unaobaki pembeni ni mwembamba mno, na picha inafifia palepale unapotaka kuweka alama. Tumia bomba la sindano la ml 5 badala ya ml 10. Kidole gumba kitatoa presha kubwa zaidi bila kukamua.

Faida yake iko kwenye kifundo cha mkono. Shithi, ala inayokaa ndani ya ateri ili katheta ipite, ya kawaida ya 6 Fr ina unene wa nje wa takriban milimita 2.6, na wagonjwa wengi wana ateri ya mkono nyembamba kuliko hapo. Mwaka 1999 Shigeru Saito na wenzake walionyesha kwamba shithi ikizidi upana wa ateri, mtiririko hupungua vibaya kwa 13% ya wagonjwa. Ateri ikiwa pana kuliko shithi, kwa 4%. Mwenye figo dhaifu huenda akahitaji ateri hiyohiyo kwa fistula ya kusafishia damu, kwa hiyo kwake suala hili si la starehe.

Kazi inayoifaa ni kidonda kimoja kifupi, chokaa kidogo, stenti moja isiyozidi milimita 4. Kwa mshipa wa moyo wa kushoto weka katheta yenye umbo la EBU 3.5, kwa wa kulia JR4. Mdomo wake mdogo hauzibi upesi mlango wa mshipa, hivyo mstari wa presha kwenye skrini haubapi ovyo. Lakini kwenye njia panda ya mshipa inayotaka maputo mawili yapulizwe pamoja, sahau: shafti mbili, yaani mirija myembamba inayobeba maputo, hazipiti. Keekee ya kusaga chokaa na katheta za kawaida za kunyonya donge la damu nazo zinataka 6 Fr.

Mgongo wake ni laini. Puto likigoma kuvuka, katheta inarudi nyuma kwenye aota. Dawa ni kuizamisha kidogo ndani ya mshipa, ikiteleza juu ya shafti ya puto, kamwe si ikiwa tupu, na kuirudisha mara puto linapopita. Presha ikibapa usipige kontrasti, vuta kwanza. Mlango wa mshipa huchanika kwa sindano moja ya pupa.

Kosa la pili ni hewa. Puto lililotumika hukunjamana, linabana tundu, na ukilivuta haraka linafanya kazi ya pistoni: hewa inafyonzwa kupitia vali ya kiungo cha Y kilicho nyuma ya katheta. Vuta polepole, fungua vali, acha damu itoke yenyewe kabla ya kupiga kontrasti tena.

Baya zaidi ni stenti isiyopulizwa iliyokataa kuvuka. Ukiivuta irudi ndani ya katheta huku katheta imekaa kimshazari, ukingo wa stenti unanasa kwenye mdomo na stenti inachomoka kwenye shafti yake. Nyoosha kwanza. Ukihisi kukwama, toa katheta na stenti kwa pamoja, waya ubaki mahali pake.

Ikiwa sababu yako ni ateri tu, Glidesheath Slender ya Terumo inapokea 6 Fr kwa unene wa nje wa karibu 2.46, na Eaucath ya Asahi ya 6.5 Fr haihitaji shithi kabisa: unene wake ni 2.16. Nusu ya hoja ya 5 Fr imekwisha hapo. Inabaki bora pale vifaa hivyo havipo au ateri ni nyembamba kupita kiasi.

Kabla ya kufungua pakiti, tazama kabati la stenti zilizofunikwa, zile za kuziba tundu mshipa ukitoboka. PK Papyrus hadi milimita 4.0 inapita kwenye 5 Fr; Graftmaster inataka 6 Fr. Kama kabatini kuna Graftmaster peke yake, mshipa ukitoboka utakuwa unabadilisha katheta huku damu inajaa kwenye mfuko wa moyo.