"Mama, risasi ni risasi": yaliyonikuta kwenye duka la silaha Mwanza

Mtu anayechota risasi kwa kiganja na kuzimimina kwenye mfuko wa kaki, kama muuza karanga wa stendi, hafai kukaa kwenye duka la silaha. Naanza tathmini yangu ya duka hili na hilo kwa sababu ndilo lililoniuma. Duka lenyewe liko katikati ya jiji la Mwanza. Silitaji jina.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu. Nafuga mbuzi na kondoo ng'ambo ya daraja la Simiyu, upande wa Magu, na ukisimama mlangoni mwa zizi langu unaiona Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Nyuma ya boma kuna mawe, yale mawe makubwa ya Usukumani yaliyopandana, na kwenye mapango yake wanalala fisi. Kituo cha polisi kiko mbali. Usiku tunategemea mwano, yaani yowe la kuitana, na sungusungu. Mwano ukipigwa watu wanatoka, hilo nawashukuru majirani zangu mpaka kesho, ila fisi hamsubiri mtu avae viatu.

Bunduki ni shotigani ya mitutu miwili aliyoiacha marehemu mume wangu. Alipofariki tuliisalimisha polisi, ikakaa huko mpaka nilipopata leseni kwa jina langu mwenyewe. Nilianzia kijijini, nikaenda kata, nikaenda wilayani, nikaulizwa maswali, nikatoa alama za vidole, nikaambiwa nirudi, nikarudi. Siwalaumu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikutungwa ili mimi nipate bunduki haraka, na mimi mwenyewe sitaki jirani yangu mlevi aipate haraka. Kote nilikopita waliniita mama, wakanipa kiti, wakanisikiliza. Aliyenidharau ni yule niliyempelekea hela yangu.

Niliingia dukani na kitinda mimba wangu. Muuzaji, kijana aliyevaa vizuri, alipokea leseni na kibali, akasoma jina langu, akainua macho, akamuuliza mwanangu: "Kaka, unataka za ndege au za wanyama?" Mwanangu akamjibu kwamba mwenye bunduki ni mama. Kijana akanitazama kidogo, kisha akamgeukia tena mwanangu kana kwamba mimi ni mzigo aliokuja nao. Nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba nataka marisawa makubwa, zile risasi za chembe nene, ya geji 12, yaani upana wa mtutu wetu, ganda la inchi mbili na robo tatu kwa sababu ndio urefu wa chemba yetu, pale ganda linapokaa, na nataka boksi ambalo halijafunguliwa. Mambo hayo marehemu aliniandikia kwenye daftari, na nilikuwa nimeyakariri njiani. Akacheka. "Mama, risasi ni risasi. Boksi zimeisha." Akavuta droo, akachota, akahesabu, akamimina kwenye mfuko. Nililipa. Mpaka leo najiuliza kwa nini nililipa.

Ilipita kama miezi miwili, mvua za masika zikielekea kuisha. Usiku mmoja kondoo wakalia, ule mlio wa kuvutana pumzi ambao mfugaji haulizi ni wa nini. Nikatoka na bunduki, mwanangu akiwa na tochi. Fisi alikuwa ameshapenya miiba, anamburuta mwanambuzi kwa shingo, hatua kama kumi na tano kutoka niliposimama. Nyuma yake palikuwa na mteremko wa udongo, hakuna nyumba, hakuna njia. Nikaweka kitako begani, nikavuta triga ya mbele. Tk. Hakuna kitu. Nikavuta ya nyuma. Haikulia, ilikohoa: puf, moshi kidogo mdomoni, na bega langu halikupata teke lolote. Fisi akaenda na mbuzi wake. Mfukoni nilikuwa na risasi mbili nyingine. Nilikuwa nimeshaikunja bunduki ili niziweke, ndipo mwanangu akasema, "Mama acha, ameshaingia mawe." Nikaacha. Neno hilo moja la mtoto ndilo lililoniacha na mkono wa kushoto.

Asubuhi nilikwenda kwa afande mmoja mstaafu, mzee anayewafundisha wenye leseni kulenga shabaha kwenye uwanja unaoruhusiwa. Aliitoa mitutu kwenye kitako, akainyanyua kuelekea dirishani, akachungulia. Akakaa kimya muda. "Mwangaluka mayu," akasema, maana hata salamu alikuwa hajaitoa, "njoo uangalie." Mtutu wa kulia ulikuwa na duara la mwanga mwishoni, safi kama sarafu. Wa kushoto ulikuwa giza.

Alichukua fimbo ya mbao ya kusafishia, akasukuma taratibu. Kikatoka kikombe cha plastiki, kile kinachobeba marisawa ndani ya ganda, na ndani yake chembe tatu bado zimekaa. Vikabingirika mezani. Akanieleza. Baruti ilikuwa imenyonya unyevu, haikuwaka. Fataki, kile kidonge cha kwenye tako la risasi kinachowasha baruti, peke yake ndiyo iliyokisukuma kikombe mpaka katikati ya mtutu, kikakwama. Ningeweka risasi nzima nyuma yake nikafyatua, moto ungekutana na kizuizi, na mtutu ungepasuka palepale ninaposhika kwa mkono wa kushoto. Ukisikia bunduki imekohoa, akasema, hata fisi awe amekuwekea mguu juu ya mguu, acha. Na ile iliyofanya tk nayo hufungui papo hapo. Unaiacha bunduki imeelekea mahali salama, unahesabu nusu dakika taratibu, maana kuna risasi inayochelewa kuwaka, na ikiwaka ukiwa umeshaifungua itawaka usoni kwako. Mimi nilikuwa nimeifungua papo hapo. Hakuna aliyenifundisha, marehemu hakuliandika hilo.

Kwa hiyo nilijifunza. Jumamosi tatu nilikwenda kwake, na kama tathmini hii ingekuwa yake yeye ningempa nyota zote zilizoko mbinguni. Hakunionea huruma wala hakunipandishia sauti. Alining'inizia mifuko mitupu ya saruji akanipigisha kwa hatua kumi, halafu ishirini, halafu thelathini. Wengi huku, hata mimi, tuliamini shotigani haihitaji kulengwa, unaelekeza tu. Kwa hatua kumi, chembe zote tisa za marisawa yangu zilikaa kwenye eneo la sahani ya wali. Kwa thelathini zilitawanyika mpaka zikazidi sinia, na kati ya chembe na chembe palikuwa na mianya mikubwa. Na zile zilizokosa haziishii hapo, akasema, chembe kubwa kama hizo zinaweza kusafiri zaidi ya nusu kilomita, kwa hiyo kila unapolenga, tazama kwanza nyuma ya unachokilenga. Nilipomwambia kuhusu mteremko wa udongo, ndiyo mara pekee aliponisifu.

Alinifundisha kusogeza uzito kwenye mguu wa mbele, kulaza shavu kwenye kitako, kuacha macho yote mawili wazi. Nyumbani nafanya kila jioni kwa maganda bubu, yasiyo na baruti wala fataki: kuinua, kulaza shavu, kushusha. Mara ishirini. Mikono inauma lakini sasa kitako kinafika begani chenyewe.

Turudi dukani. Nataka kuwa mtu wa haki, kwa hiyo niseme hili: afande aliniuliza risasi nilizihifadhi wapi. Bunduki iko kwenye kabati la chuma lenye kufuli, lakini risasi niliziacha kwenye mfuko uleule wa kaki, nikazifungia kwenye kasanduku stoo, ukuta mmoja na jiko. Mvuke wa jikoni upande huu, unyevu wa ziwa upande ule, masika juu. Nikanyong'onyea. Nikasema basi, nusu ya kosa ni langu, huenda nimemwonea kijana wa watu. Nilikuwa nimeshaamua niandike maneno ya upole na kuwashauri wenzangu watumie kopo lenye mfuniko unaobana. Na ushauri huo bado nautoa, tumieni kopo.

Halafu afande akaumimina mfuko mezani, akazipanga moja moja, akazigeuza matako. Shaba ya risasi sita ilikuwa na kutu ya kijani iliyokwishashika na kukauka, ya miaka, si ya miezi miwili. Maganda matatu yalikuwa yamevimba kiasi kwamba hayaingii kwenye chemba bila kusukumwa. Zilikuwa za rangi tatu na watengenezaji wanne, zilizokusanywa huku na kule. Na katikati yao, moja ya njano.

Afande aliishika ile ya njano kwa vidole viwili akaiweka pembeni peke yake. Akanyanyuka, akafungua mtoto wa meza yake, akatoa ganda tupu la njano kama lile, akaniambia nichukue mtutu wangu nilitumbukize. Nikalitumbukiza. Halikusimama kwenye chemba. Likateleza ndani, likasimama huko mbele ambako jicho halifiki usiku. "Sasa tia risasi yako ya kawaida," akanipa ganda bubu. Likaingia vizuri kabisa, bunduki ikafunga kama hakuna kitu.

Njano ni geji 20. Watengenezaji wakubwa wanaipaka rangi hiyo kwa makusudi, ili hata mtu asiyesoma aitambue. Namba hizi zinatokana na ratili moja ya madini ya risasi: ukiigawa katika goroli 12 zinazolingana, goroli moja ndiyo upana wa mtutu wa geji 12, ukiigawa katika 20 goroli inakuwa ndogo, na mtutu unakuwa mwembamba. Ndiyo maana namba ikipanda, tundu linapungua. Ya 20 ikiingia kwenye bunduki ya 12 inazama mbele, mtu gizani anaona chemba tupu, anadhani hakuweka, anaweka nyingine nyuma yake. Hapo tena si plastiki iliyokwama. Ni risasi nzima.

Zile mbili nilizokuwa nazo mfukoni usiku ule nilizichota bila kuangalia. Ya njano ingeweza kuwa mojawapo. Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe wa afande mpaka miguu ilipoacha kutetemeka.

Nilirudi Mwanza wiki hiyohiyo, safari hii peke yangu. Nilimwekea kijana kikombe cha plastiki juu ya kaunta, nikaweka na picha ya ile ya njano kwenye simu. Akasema labda sikuifunga bunduki vizuri. Nikamwambia triga ya nyuma isingekohoa kama sikuifunga. Akasema, "Zote za shotigani hizo, mama. Nani alikufundisha?" Watu wawili dukani wakacheka naye. Nilihisi moto unapanda kutoka tumboni.

Mwenye duka, mzee wa makamo, akatokea chumba cha nyuma kwa zile kelele. Alitazama picha, akatazama kikombe, akavuta ile droo yeye mwenyewe na kuimwaga yote juu ya kioo. Za njano zilikuwa nne nyingine. Alimkemea kijana mbele yetu, akanirudishia fedha zangu zote, akaagiza boksi litolewe stoo, limefungwa, limeandikwa geji na urefu ubavuni. Akaniomba radhi akiniangalia mimi. Kwa nusu saa nzima nikasema moyoni duka hili nalisamehe, mzee huyu ni muungwana, nitaandika nyota tatu.

Nikiwa nakunja kibali mlangoni, nikamsikia kijana nyuma yangu akiwaambia wale wawili: "Wanawake na bunduki, mtihani." Mzee alimsikia. Hakusema kitu.

Sasa hivi ni nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya fedha zilizorudi. Boksi lilikuwa zuri, sitadanganya: nimepiga risasi kumi kwenye uwanja wa afande na zote zimelia. Wanaosema duka limebadilika kwa sababu droo imemwagwa wanaweza kuwa sahihi. Mimi sirudi. Afande amenielekeza pengine ambapo boksi linafunguliwa mbele ya mnunuzi, ni mbali zaidi, nauli ni yangu.

Ile ya njano sikuitupa ziwani kama jirani mmoja alivyonishauri, wala sikumrudishia kijana aifiche. Leseni yangu hainiruhusu kukaa na risasi ya geji 20 hata moja. Niliifunga kwenye kitambaa, nikapanda gari mpaka kituo cha polisi, nikaiweka mezani nikiwa nimeshika leseni yangu mkononi. Askari wa zamu akaivuta karibu na taa, akachukua daftari, akaniuliza nimeipata wapi. Nikamwambia jina la duka, na mtaa, na rangi ya mlango.