Taya la mtoto lililopona bila kisu: kliniki ya meno tuliyokwenda Malindi

Mwanangu wa miaka saba aliteleza ngazini akatua kwa kidevu, na tulipofika kliniki ya meno hapa Malindi kidevu kilikuwa kimechanika, na kila akifungua kinywa taya lilikwenda upande wa kushoto. Picha ya taya zima ilionyesha mvunjiko kwenye shingo ya mfupa, karibu na sikio la kushoto. Daktari alimshona kidevu, kisha akasema hatapasua. Nakiri kwamba mimi na babake tulitazamana: mfupa umevunjika, na mtoto anaandikiwa uji!

Kilichotutuliza ni maelezo yake. Aliinua picha kwenye mwanga akatuonyesha meno ya ukubwani yaliyolala ndani ya mfupa kama kunde kwenye ganda, akasema kuwa vyuma na skrubu huweza kuyadhuru kabla hayajatoka, ilhali mfupa wa umri huo huunga upesi, mara nyingi kwa wiki mbili au tatu. Kwa kuwa meno ya juu na ya chini yalikutana sawasawa, hakufungwa waya wa kuyabana meno ya juu na ya chini pamoja. Hata angefungwa, zingekuwa siku chache tu, maana kiungo cha taya, kile kilicho karibu na sikio, kikikaa sana bila kutikiswa huweza kuganda na kinywa kikakataa kufunguka.

Basi ikawa dawa ya maumivu, uji wa mchele, bokoboko na ndizi za nazi zilizopondwa. Mabuyu yalikatazwa, na hayo yalimliza kuliko sindano.

Lawama yangu ni kuhusu maelekezo. Karatasi tuliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, na anayeshinda na mtoto ni nyanya yake, asiyeisoma lugha hiyo. Zoezi la kufungua kinywa mbele ya kioo, kidevu kikiwa kimenyooka, ambalo ndilo nguzo ya tiba yenyewe, tulielezwa juu juu tukiwa mlangoni, nikalazimika kurudi kesho yake kuuliza upya.

Wiki ya sita mtoto aliingiza vidole vyake vitatu kati ya meno bila kulalamika. Hata hivyo ameambiwa arudi kila baada ya miezi sita, kwa sababu palipovunjika ni sehemu muhimu ya ukuaji wa taya, na uso huweza kupinda polepole bila maumivu yoyote. Tarehe hizo tulitajiwa kwa mdomo tu. Mzazi atakayekwenda pale adai ziandikwe kabla hajaondoka.